Mvua Moja, Uyoga Tofauti: Mwongozo Kamili wa Kupima Udongo na Unyevu Pugu

Mvua iliyofunga barabara pale Jangwani, Dar es Salaam, siku hiyo ndiyo iliyonipeleka Pugu. Mto Msimbazi huanzia huko juu, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, kwa hiyo nilijiambia: kama mjini maji yamefika magotini, msituni uyoga hautakuwa na pa kujificha. Nilipatia nusu tu. Kwenye mgongo wa kilima, palipo na kichanga, niliambulia aina mbili, tena zimeshaanza kusinyaa pembeni. Nikateremka hatua kama mia tatu hadi kwenye udongo mwekundu chini ya kivuli, na hapo nilijaza kurasa nne za daftari kabla sijachoka. Chini kabisa, bondeni, matope yalinivua kiatu na ardhini hapakuwa na uyoga hata mmoja. Wote uliokuwepo ulikuwa umepanda juu ya magogo.

Mawingu yalikuwa yaleyale na asubuhi ilikuwa ileile. Tangu siku hiyo nikiulizwa Pugu kumenyesha kiasi gani, nami huuliza: ardhi ya wapi? Mvua ikishagusa ardhi huwa maji ya aina nyingine, kwa kadiri ya udongo ulioipokea, na uyoga huishi kwa hayo maji ya pili.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulipima jambo hilo mwenyewe, kwa jembe dogo, mizani ya jikoni, makopo na daftari. Unamfaa mwanafunzi anayetafuta mradi, mwalimu wa baiolojia, au mtu yeyote wa Dar ambaye Jumamosi yake haimalizikii sokoni. Haufundishi uyoga gani unaliwa.

Kabla ya kutoka nyumbani: ujue unachokitafuta

Uyoga tunaouona ni tunda. Mti wenyewe, tukiuita hivyo, ni nyuzi za kuvu zilizotambaa ndani ya udongo, majani yaliyooza au gogo. Ukigawa milimita moja mara elfu, unene wa uzi mmoja ni kati ya sehemu mbili na kumi za hizo, ndiyo maana hupenya vitundu ambavyo mzizi wa mti hauwezi kupita. Tunda lenyewe ni maji kwa kiasi cha asilimia 90 hivi. Tunaposema watu "wanachipuka kama uyoga" tunasifia kasi, ila kasi hiyo ni ya maji: kuvu huandaa kijitunda kidogo mapema, kisha hukijaza maji kwa siku chache kama mtu anayepuliza puto. Pasipo na maji ya kuvuta, hakuna puto.

Kuna maisha ya namna tatu utakayokutana nayo, na usipoyatenganisha hesabu zako zote zitavurugika.

Kuna kuvu zinazoozesha vitu: majani, matawi, magogo, samadi. Hizi unyevu wake ni wa kile kitu zinachokila, si lazima uwe wa ardhi.

Kuna zinazoishi kwa mkataba na mizizi ya miti, maisha ambayo wataalamu huyaita mikoriza. Kuvu huuvisha mzizi ala nyembamba, huuletea mti maji na fosforasi, nao mti huilipa sukari. Jamii ya Amanita, Russula, Lactarius na Cantharellus wengi wapo hapa. Lakini si kila mti huingia mkataba unaozaa uyoga. Miti ya miombo, yaani Brachystegia na Julbernardia, huingia. Mkongo na mkusu pia. Mwembe, mnazi na mkorosho hushirikiana na kuvu za aina nyingine kabisa, ambazo hazitoi uyoga wa kuonekana. Kwa hiyo mtu anaweza kuzunguka shamba la mikorosho la Mkuranga masika yote akitafuta Cantharellus wa manjano, na udongo utakuwa hauna kosa lolote.

Namna ya tatu ni uyoga wa vichuguuni, Termitomyces, unaolimwa na mchwa. Huu una hali ya hewa yake binafsi, nitaurudia.

Hatua ya 1: Kibali, kisha mahali

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kutembea ndani kuna utaratibu na kiingilio chake. Kuchimba udongo na kubeba sampuli ni jambo jingine, linahitaji ruhusa ya maandishi. Kazi ikiwa ya utafiti rasmi, ulizia pia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Usidhani kwa kuwa ni kijiko kimoja cha udongo hakuna atakayejali. Wenzako waliotangulia kwa mapanga na magunia ya mkaa nao walianza kidogo kidogo.

Ukiona mlolongo ni mrefu, anza na kipande cha ardhi ambacho mwenyewe anakujua: shamba la ndugu Kisarawe lenye kichaka kilichobaki, eneo la shule lenye miti, hata ua wa nyumbani. Hatua zote zinazofuata ni zilezile. Wakazi wa Gongo la Mboto na Chanika wana bahati, daladala moja tu wamefika.

Tafuta mteremko mmoja wenye sehemu tatu: mgongoni, katikati na bondeni. Vilima vya Pugu vinafaa mno kwa sababu ndani ya matembezi mafupi unapita kichanga, udongo mwekundu wa kichanga na mfinyanzi, na kule kwenye machimbo ya zamani unakutana na kaolini, mfinyanzi mweupe kama chokaa, ambako popo wamehamia mapangoni.

Sasa mtego. Mara nyingi udongo ukibadilika, miti nayo hubadilika. Ukikuta uyoga mwingi mteremkoni, je, ni kwa sababu ya udongo au kwa sababu mkongo umesimama pale? Ukitaka kuushitaki udongo, kwanza funga miti: chagua viwanja vyenye mti mmoja unaofanana pande zote, au angalau vyenye kivuli kinacholingana. Isipowezekana, andika kila mti ulio ndani ya kiwanja na hatua kumi kukizunguka. Mimi mwaka wa kwanza sikuandika mti hata mmoja. Daftari lile leo kazi yake ni kuegesha dirisha.

Hatua ya 2: Chagua wakati

Dar hupata mvua ya milimita elfu moja na kitu kwa mwaka, kwa misimu miwili: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, Aprili ikiongoza. Anza ziara wiki mbili kabla ya msimu, udongo ukiwa bado mkavu, kisha nenda kila wiki hadi wiki ya tatu au ya nne baada ya mvua kukatika. Anayekwenda mara moja tu kileleni mwa masika huona picha moja ya filamu ndefu.

Maana uyoga una foleni. Vijiuyoga vya majani makavu, kama Marasmius, hutangulia, mara nyingi siku chache tu baada ya mvua ya kwanza ya maana. Vingi vya jamii hii vinaweza kukauka hadi kuwa kama uzi na kufufuka mvua ikirudi. Wenye mkataba na mizizi huchelewa. Wanataka udongo ulowe hadi chini na ubaki hivyo kwa muda, ndipo waanze. Vuli ya manyunyu ya siku moja moja inaweza kuwapita kabisa wasijitokeze. Ile ya mwishoni mwa 2023, iliyokuja na El Niño, haikuwa ya manyunyu.

Hatua ya 3: Pima viwanja

Kila sehemu ya mteremko ipate viwanja vitatu vya mita 10 kwa 10. Jumla tisa. Kamba ya katani, vigingi vinne, kitambaa cha rangi kwenye kigingi kimoja ili wiki ijayo usipotee.

Usiweke kiwanja pale ulipouona uyoga. Hilo ndilo kosa tamu kuliko yote. Andika namba 1 hadi 50 kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, chota kimoja, tembea hatua hizo kutoka njiani, hapo ndipo kona ya kiwanja. Kikiangukia mahali pabaya, pokea.

Hatua ya 4: Usome udongo kwa mkono, kwa chupa na kwa tone la maji

Sukuma majani pembeni na upime kwa rula unene wake: majani makavu ya juu, kisha yale yaliyoanza kuoza. Andika vyote viwili. Tabaka hili ni blanketi. Huzuia jua lisiinyonye ardhi, na ndilo shamba la kuvu nyingi ndogo. Pale wanapofagia majani kwa ajili ya usafi, kama kwenye viwanja vingi vya shule zetu, wanafagia pia aina nyingi za uyoga.

Kisha chimba shimo dogo la sentimita 15. Chukua udongo wa kujaza kiganja, ulainishe kwa maji kidogo na uufinyange. Usipokubali hata kushikamana ukawa tonge, huo ni mchanga. Ukishikamana, uviringishe na uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, una tifutifu au kichanga chenye mfinyanzi kiasi; kati ya 2.5 na 5, mfinyanzi umeongezeka; ukizidi 5, ni mfinyanzi hasa. Wanaofinyanga vyungu hawahitaji kusoma aya hii.

Ili uwe na namba, jaza theluthi moja ya chupa ya lita moja kwa udongo, ongeza maji hadi karibu na shingo na sabuni ya unga ya kuchota kwa ncha ya kijiko, kisha tikisa dakika tano. Weka mezani. Kilichotuama ndani ya dakika moja ni mchanga, weka alama. Baada ya saa mbili zitakuwa zimetuama chembe za kati, laini kama unga. Weka alama ya pili. Mfinyanzi hujivuta siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka, gawanya kwa jumla, una asilimia zako.

Usiyachukulie mafinyanzi yote kuwa ndugu. Mfinyanzi mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka nyufa za kuingia mkono ukikauka, na kila ufa ukifunguka hukata nyuzi za kuvu kama anayechana kitambaa. Kaolini ya Pugu haivimbi kiasi hicho, imetulia, ila ni maskini wa virutubisho. Sehemu mbili zinaweza kukupa utepe wa urefu mmoja na zikatofautiana sana kwa uyoga.

Tindikali ipime kwa karatasi za pH: gramu 20 za udongo, mililita 50 za maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, koroga, subiri nusu saa, chovya. Maji ya kisima ya Dar mengi yana chumvi, yatakudanganya. Udongo wa ufukweni, wenye mabaki ya matumbawe, hupanda juu ya 7. Penye tanuri la mkaa la zamani napo hupanda, kwa sababu ya majivu; huko utakuta kuvu za moto ambazo hazipo kokote pengine msituni, na za mizizi zikiwa zimetoweka pamoja na mti uliochomwa.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha tone. Mwishoni mwa kiangazi, fagia majani, lainisha uso wa udongo, dondosha tone la maji kutoka kwenye sindano isiyo na ncha. Hesabu. Likizama papo hapo, sawa. Likikaa zaidi ya sekunde tano limesimama kama shanga, udongo huo unakataa maji. Hutokea sana kwenye kichanga: nta za majani na nyuzi za kuvu zenyewe huipaka kila chembe, ikikauka inakuwa kama imetiwa mafuta. Mvua ya kwanza hapo huteleza na kukimbilia chini, na mahali palipopata milimita 30 za mvua panaweza kubaki pakavu sentimita tatu chini ya uso. Hapo ndipo nilipopata jibu la mgongo wa kilima, miezi sita baada ya kiatu changu kubaki matopeni.

Hatua ya 5: Pima unyevu, na hapa usiwe na haraka

Anza na mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu, likae wazi mahali pasipo na miti. Jingine chini ya matawi. Kila milimita ya maji koponi ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Tofauti ya makopo hayo mawili itakushangaza, kwa sababu majani hubakiza sehemu kubwa ya mvua ndogo na kuirudisha angani. Mvua ya milimita mbili kwenye msitu mnene huenda isifike chini hata tone.

Sasa udongo wenyewe. Kwenye kila kiwanja chota sehemu tano, pembe nne na katikati, kina cha sentimita 10, changanya, tia kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu ukilowa huondoka na siku yako yote. Sitaki kusimulia zaidi. Chota saa zilezile kila ziara, asubuhi kabla jua halijapanda.

Nyumbani pima gramu za udongo mbichi. Maabara hukausha kwa nyuzi joto 105 kwa saa 24. Ukiwa na oveni inayoshika joto hilo, fuata hivyohivyo. Usipokuwa nayo, tandaza udongo kwenye sinia juani siku mbili tatu hadi uzito usishuke tena; hautakauka kabisa, lakini ukifanya sawa kwa viwanja vyote ulinganisho utasimama. Dar ina hewa ya unyevu, na udongo uliokauka huuvuta ukikaa wazi usiku, hasa mfinyanzi. Upime ukiwa bado na joto, usiuache hadi kesho.

Hesabu ni hii: uzito mbichi toa uzito mkavu, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Tuseme ulikuwa na gramu 120, zikabaki 100. Unyevu ni asilimia 20.

Wengi huishia hapo, na hapa ndipo wanapopotea. Asilimia 12 kwenye kichanga na asilimia 12 kwenye mfinyanzi ni vitu viwili mbalimbali. Kichanga chenye 12 kimeshiba, maji yapo huru katika matundu makubwa, kuvu inakunywa. Mfinyanzi wenye 12 una kiu: maji yale yamegandamana kwenye chembe ndogo kwa nguvu ambayo uzi wa kuvu hauwezi kuivunja. Mfanyakazi mwenye mshahara mkubwa uliokatwa mikopo yote na kibarua wa kulipwa jioni, nani ana hela mfukoni?

Kwa hiyo tafuta kiwango cha kushiba cha kila udongo. Toboa kopo matundu madogo chini, weka kitambaa, jaza udongo, lichovye kwenye beseni hadi maji yapande yenyewe kutoka chini, liache usiku mzima. Kesho litoe, lifunike juu, liache lichuruzike siku nzima. Chota, pima, kausha, pima. Asilimia utakayopata ndiyo shibe ya udongo huo kwa kipimo chako cha nyumbani. Kisha unyevu wa kila kiwanja ugawe kwa shibe ya udongo wake. Kichanga cha asilimia 9 chenye shibe ya 15 kiko kwenye 0.6. Mfinyanzi wa asilimia 18 wenye shibe ya 40 uko kwenye 0.45. Mwenye namba kubwa ya mwanzo ndiye mwenye njaa zaidi. Hiyo 0.6 na 0.45 ndiyo uichore kwenye grafu dhidi ya idadi ya aina za uyoga.

Kuna na upande wa pili. Shibe ikipita, matundu yote yakajaa maji, hewa hutoka. Kuvu hupumua oksijeni kama sisi, na bonde lililotuama maji huzizima. Ndiyo maana kule chini uyoga ulikuwa umepanda magogo: gogo lililolala limeinuka juu ya tope, limejaa maji ya kutosha na hewa ya kutosha. Masikio ya gogo, Auricularia, yalikuwa hapo, na Schizophyllum, na vijifeni vigumu ambavyo hukaa mwaka mzima. Kwa hiyo pima unyevu wa magogo peke yake, kwa vipande vya mbao iliyooza, usiuchanganye na wa udongo.

Vichuguu vihesabiwe pembeni

Mchwa hupandisha mfinyanzi kutoka chini sana na kujenga nao, kwa hiyo kichuguu ni kisiwa cha udongo mwingine katikati ya kichanga. Ndani wanatunza unyevu wao wenyewe na kulima Termitomyces kwenye masega ya mimea waliyoitafuna. Msimu ukifika uyoga hupenya kutoka sega hadi juu kwa mzizi mrefu. Ukiung'oa kwa haraka unakatika na unapoteza alama yake kuu. Ule mdogo, Termitomyces microcarpus, hauna mzizi huo, kwa sababu mchwa hutoa vipande vya sega nje na unaota hapohapo juu ya ardhi, kwa mamia. Zambia kuna ndugu yao mwenye kofia inayoweza kufika upana wa mita moja.

Siku moja nilikuwa nimekaa nusu saa kwenye kichuguu kikubwa, rula mkononi, bibi mmoja akapita na kuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unangoja nini hapo?"

Nikamweleza.

"Hicho kimekufa. Mchwa walishahama zamani. Hapo utavuna jua."

Alikuwa sahihi. Kichuguu kisicho na mchwa hai hakitoi uyoga huo, hata kiwe na udongo mzuri namna gani. Kabla ya kukihesabu, kwangua kidogo kwa juu. Mchwa wakija kuziba, kiko hai. Fukia ulipokwangua.

Hatua ya 6: Hesabu uyoga

Kila kiwanja kipe dakika 20, watu wawili, kila ziara. Tembea kwa mistari ya mita mbili mbili, kisha mara ya pili kwa kuinama. Ukikaa saa nzima kwenye kiwanja unachokipenda na dakika kumi kwenye chenye mbu, utakuwa umepima mapenzi yako.

Hesabu aina, na kwa kila aina idadi ya vikundi, si ya kofia moja moja. Kofia arobaini zilizosongamana huenda ni kuvu moja. Piga picha tatu: upande, chini ya kofia, na uyoga uliopasuliwa katikati. Andika umeota juu ya nini, harufu, rangi inayobadilika ukiukwaruza, pete shingoni, kifuko chini ya mguu. Mguu ukivunjika kama chaki, fikiria Russula. Ukitoa maziwa, Lactarius. Jina la kitaalamu si lazima leo. "Kahawia mdogo namba 3" linatosha, mradi lisibadilike kesho.

Chukua mmoja wa kila aina, uufunge kwenye karatasi, utie kwenye kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na kwa uyoga ni heri, maana ndani yake hutoka jasho na kuoza kabla hujafika Buguruni. Usiku kata kofia, ilaze nusu juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya nyeusi, funika kwa glasi. Asubuhi utakuta vumbi la spora, yaani mbegu za kuvu, limechora mistari, na rangi yake ni ushahidi mkubwa kuliko rangi ya kofia. Sampuli yenyewe ikaushe kwa joto dogo, nyuzi 40 hadi 50, hadi ikatike kama biskuti.

Kuhusu kula: usile kitu ulichokusanya kwa kazi hii. Kwenye nyasi zilizokatwa vizuri za mijini huota Chlorophyllum molybdites, mweupe, mnene, wa kuvutia, na spora zake ni za kijani. Hutapisha vibaya sana. Baadhi ya Amanita ni wabaya zaidi, kwa sababu dalili huanza saa sita hadi kumi na mbili au zaidi baada ya kula, mtu ameshalala na kushukuru, na sumu yao haiondoki kwa kuchemsha. Hakuna kipimo cha kijiko cha fedha, cha kitunguu, wala cha "konokono ameula". Ukila na ukaumwa, nenda hospitali na uyoga uliobaki.

Hatua ya 7: Soma ulichopata

Chora mstari wa kwanza: ziara upande mmoja, jumla ya aina zilizoonekana hadi siku hiyo upande mwingine. Ukiwa bado unapanda, hujamaliza, usitangaze chochote. Kwa kawaida hautalala kabisa. Duniani kuvu zilizopewa majina ni kama 150,000, na makadirio ya wataalamu ni kati ya milioni 2.2 na 3.8, nyingi zikiwa hazitoi uyoga kamwe.

Kisha linganisha sehemu mbili mbili. Chukua aina zinazoshirikiwa, zidisha kwa mbili, gawanya kwa jumla ya aina za pande zote mbili. Tuseme mteremkoni zipo 14, mgongoni 10, na zinazopatikana kote ni 3. Hiyo ni 6 kwa 24, yaani 0.25. Karibu na 1 ni mapacha, karibu na 0 ni wageni. Namba hii husema jambo ambalo idadi peke yake haisemi: sehemu mbili zinaweza kuwa na aina 12 kila moja na zisishirikiane hata moja.

Ukitenganisha zile namna tatu za maisha, tarajia picha kama hii. Kichanga hutoa mlipuko mfupi, na kama kuna mti wa mkataba utapata wa mizizi siku chache kisha kimya. Udongo wa kati, wenye mboji na majani manene, hukaa kwenye shibe ya wastani kwa wiki nyingi na hupokea foleni nzima. Bonde la mfinyanzi hutegemea magogo. Ukipata tofauti na hivi usilazimishe. Rudi kwenye orodha ya miti kwanza, halafu kwenye kipimo cha tone.

Ziara moja bado: Agosti, kusipo na mvua. Pima udongo wote tena upate sakafu ya unyevu wako. Mara ya mwisho nilipokwenda, mgongo wa kilima ulikuwa unga mtupu na bonde limepasuka nyufa. Kwenye gogo lilelile la masika nikayakuta yale masikio, yamekauka meusi na magumu kama ngozi ya ngoma kuukuu. Nikayamwagia maji yaliyobaki kwenye chupa yangu, nikakaa kula mihogo. Nilipoinuka kuondoka yalikuwa yameshalainika, nami nikaandika saa kwenye daftari, kwa penseli.